Mchoraji wa Feldhausen

Nilichora ramani za viwanja kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, kwanza kwa kalamu ya wino na rula, mwishoni kwa kompyuta ambayo sikuipenda nayo haikunipenda. Sasa nimestaafu, nasoma vitabu vya nyota, na vijana waliorithi meza yangu wananicheka. Huwaambia kuwa nasoma habari za watu wa kazi yetu. Tangu darubini ilipobuniwa hadi kamera ilipoelekezwa angani ilipita zaidi ya miaka 200, na katika muda wote huo yote yaliyojulikana kuhusu sura ya nebula, yale mawingu makubwa ya gesi na vumbi ambamo nyota mpya huzaliwa, yalipitia kwanza kwenye vidole vya mtu aliyekaa gizani na penseli yake.

Ninayemheshimu zaidi kati yao ni John Herschel, Mwingereza aliyekaa Rasi ya Tumaini Jema kuanzia 1834 hadi 1838. Mchoro wake mkubwa ni wa nebula ya Carina. Huku kwetu pwani wingu hilo halihitaji safari. Mwezi wa Aprili, kwenye saa tatu usiku, simama mahali pasipo na taa, tazama kusini, utafute Msalaba wa Kusini, kisha upeleke macho kulia kidogo: utaona doa jeupe ndani ya ukanda wa Njia ya Maziwa. Darubini ndogo ya mikono miwili inatosha kuonyesha kwamba doa hilo lina mapande na mifereji. Liko umbali wa miaka ya nuru 7,500 hivi. Wazungu wa Ulaya, pamoja na vyuo vyao vyote, hawakuweza kuliona kwa sababu huko kwao halichomozi kabisa.

Walichokuwa nacho wao ni wingu la Orion, lile lililo kwenye upanga wa mwindaji, na hilo ndilo lililowafundisha ugumu wa kazi. Christiaan Huygens, Mholanzi, alichapisha mchoro wake mwaka 1659. Charles Messier akachora wake huko Paris, ukachapishwa katika miaka ya 1770. William Herschel, baba yake John, alianza kulichora mwaka 1774. Ukiiweka michoro hiyo pamoja utadhani ni mawingu matatu tofauti. William aliamua kwamba wingu lenyewe limebadilika. Mimi nimeona wapimaji wawili wakirudi na ramani mbili za shamba moja, mipaka imehama, na shamba halikusogea hata hatua. Darubini zao hazikulingana, macho yao hayakulingana, na kila mmoja alikuwa na mkono wake. Hata hivyo mzee William alikuwa na wazo moja zito: katika makala yake ya 1811 alieleza kwamba mawingu haya hujikusanya polepole kwa nguvu ya uvutano hadi yawe nyota. Hakuwa na njia ya kulithibitisha. Kama mawingu yanabadilika, hata hivyo, basi michoro iliyotengana kwa miaka mingi ingeonyesha, na ndiyo sababu usahihi wa mkono ukawa jambo la kufa na kupona.

Upande wa kusini ulianzwa na Mfaransa, Nicolas-Louis de Lacaille, aliyefika Cape Town mwaka 1751 na kuweka vyombo vyake kwenye nyumba ya Strand Street. Darubini aliyoitumia kuhesabu nyota ilikuwa na lenzi ya upana wa nusu inchi tu, nyembamba kuliko mdomo wa chupa ya soda. Kwa chombo hicho alipima karibu nyota 10,000 katika muda usiofika mwaka mmoja na kuorodhesha nebula 42, ile ya Carina ikiwa mojawapo. Kabla ya kuondoka alifanya na kazi ya ardhini: alipima kipande cha meridiani kaskazini mwa Cape Town kwa mnyororo wa pembetatu, ili ajue umbo la dunia.

Hapa naomba niingize habari ya nyumbani. Ramani zetu za Tanzania, na za Kenya na Uganda, huandikwa pembeni maneno "Arc 1960". Niliyaandika maneno hayo miaka mingi bila kuuliza yalikotoka. Yametokana na mnyororo mwingine wa pembetatu, ule wa meridiani ya 30, uliokusudiwa kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri ukipita magharibi mwa nchi yetu. Aliyeupigia debe kuliko wote alikuwa David Gill, mkuu wa kituo cha nyota cha Rasi, mahali palepale ambapo Lacaille alikuwa amefungua njia. Wapima nyota na wapima mashamba walikuwa ukoo mmoja.

John Herschel aliwasili Cape Town Januari 1834 kwa jahazi la Mountstuart Elphinstone, akiwa na mkewe Margaret, watoto watatu, fundi wake John Stone, na darubini iliyofunguliwa vipande vipande. Alikuwa tajiri kiasi, akakataa kutumwa na serikali, akalipa safari mwenyewe. Walipanga nyumba iliyoitwa Feldhausen, chini ya Mlima wa Meza, kwenye miti mingi. Darubini ilikuwa na bomba la futi 20, sawa na mita 6, na kioo cha zaidi ya inchi 18. Msomaji asifikirie kioo cha dirishani. Kilikuwa sahani nzito ya madini ya shaba na bati iliyosuguliwa hadi ikang'aa, na hewa ya Rasi ilikifubaza upesi, hivyo alikuja na vioo vitatu ili kimoja kikitumika kingine kisuguliwe. Kusugua kioo alijifunza kwa baba yake.

Magazeti ya mbali yalimtungia mengi. Agosti 1835 gazeti la New York Sun lilichapisha kwamba Herschel ameona watu wenye mabawa mwezini, na wasomaji wakanunua nakala kwa fujo. Mwenyewe wakati huo alikuwa kwenye ngazi yake ya mbao, mdomoni mwa bomba, akihesabu nyota.

Kuna jambo jingine la wakati ule ambalo wanahistoria wa nyota hulipita haraka. Tarehe 1 Desemba 1834 watumwa wa Rasi walitangaziwa uhuru, halafu wakaambiwa waendelee kuwatumikia mabwana wale wale kwa miaka mingine minne kwa jina la uanagenzi. Muda huo ulipokwisha, Herschel alikuwa amekwisha kuondoka. Sehemu kubwa ya miaka yake minne ya Rasi ilipita katikati ya uhuru huo wa nusu.

Turudi kwenye karatasi. Mchoraji wa nebula ana tatizo ambalo mimi wa viwanja sikuwahi kuwa nalo. Ili jicho lione wingu hafifu ni lazima likae gizani muda mrefu, na ili mkono uchore ni lazima pawe na mwanga. Ukiwasha taa, umelipoteza wingu. Ukizima, umeipoteza karatasi. Juu ya hayo anga linazunguka, wingu halina ukingo, na penseli inapenda kutia ukingo kila mahali. Wengi kabla yake walichora kwa kumbukumbu: tazama, shuka, chora, panda tena.

Herschel alifanya kama mpimaji. Kwanza aliacha wingu kando kabisa, akapima mahali pa nyota zilizotapakaa mbele yake na ndani yake. Akaziunganisha kwa mistari ikawa wavu wa pembetatu, kubwa kwanza, kisha ndogo ndani ya kubwa. Karatasi hiyo tupu yenye nyota na pembetatu ndiyo aliyopanda nayo kwenye ngazi usiku, na kazi yake ikawa kuuliza katika kila pembetatu: wingu linaingilia wapi, linatokea wapi, upande upi una mwanga zaidi. Kila usiku alijaza vipande vichache. Baada ya usiku mwingi akahamishia kila kitu kwenye mchoro mmoja safi. Kwenye nebula ya Carina pekee alipima nyota zaidi ya 1,200. Kazi ilimchukua miezi na miezi, na aliandika kwa uchovu kwamba mara nyingi alikata tamaa ya kuimaliza.

Mchoro huo ukiutazama leo, una kitu ambacho wachora ramani wote tunakijua: unaona kwamba aliyechora hakudanganya. Pale asipokuwa na hakika, mstari wake ni mwepesi. Katikati kuna umbo jeusi lenye kiuno, kama tundu la ufunguo, na hadi leo sehemu hiyo inaitwa hivyo. Yeye aliliona kuwa ni pengo, mahali pasipo na kitu.

Usiku wa tarehe 16 Desemba 1837 alikuta nyota iliyo katikati ya wingu, Eta, imewaka kupita kiasi. Aliifahamu nyota ile kama mtu anavyofahamu jiwe la mpaka wa shamba lake, na sasa ilishindana na nyota kubwa za Orion. Ilizidi kuwaka hadi mwanzoni mwa Januari, kisha ikaanza kufifia. Miaka michache baadaye, Machi 1843, iliwaka tena hadi ikawa ya pili kwa mwanga kati ya nyota zote za usiku, nyuma ya Sirius peke yake. Halafu ikazama taratibu mpaka macho matupu yasiione. Sasa inajulikana kwamba pale kuna nyota mbili zinazozungukana, kubwa mno, na kwamba katika mlipuko ule ilitupwa nje mada ya kutosha kutengeneza majua kumi au zaidi. Namba alizoziandika Herschel bado zinatumiwa na wanaochunguza mlipuko huo, na ni kwa sababu kila usiku aliilinganisha nyota hiyo na nyingine alizozijua.

Mchana yeye na Margaret walichora maua ya Rasi, na michoro zaidi ya 130 ya maua hayo ipo. Kwa maua alitumia kifaa chenye kipande cha kioo kinachoufanya mstari wa ua uonekane kama umelala juu ya karatasi, akaufuata kwa penseli, kisha Margaret akatia rangi. Mimi nadhani maua yale yalimsumbua. Ukishaona sura ikijilaza yenyewe kwenye karatasi, huwezi kuacha kujiuliza kama haiwezi kubaki hapo bila mkono. Huo ni ubashiri wangu, lakini tazama alichokifanya baada ya kurudi Uingereza. Mapema 1839, habari za majaribio ya picha zilipoenea Ulaya, alionyesha jinsi ya kuzuia picha isifutike kwa dawa ya haiposulfaiti, ambayo sifa zake alizigundua mwenyewe miaka 20 nyuma. Mwaka 1842 akabuni njia ya kutoa picha za rangi ya bluu kwa chumvi za chuma na mwanga wa jua.

Njia hiyo ya bluu ndiyo iliyokuja kutumika dunia nzima kunakili ramani za majengo na mashine. Nilipoanza kazi tulikuwa tayari tunatumia mashine ya amonia, ile inayokutoa machozi, lakini kabatini zilibaki nakala kuukuu zenye mistari myeupe kwenye bluu nzito, na wazee walizishika kwa heshima. Mchoraji wa Carina ndiye aliyewapa wachora ramani chombo chao, na ndiye aliyesaidia kuchimba kaburi la wachora nebula.

Kaburi halikujaa mara moja. Kitabu chake cha Rasi kilitoka 1847, na kilichofuata kilikuwa ugomvi wa miaka mingi. Huko Hobart, Tasmania, alikuwako fundi saa aitwaye Francis Abbott, aliyekuwa amepelekwa kule kama mfungwa na baadaye akawa huru. Kwa darubini zake ndogo alichora wingu la Carina katika miaka ya 1860, akatangaza kwamba limebadilika sana tangu wakati wa Herschel. Wakubwa wa London walimjadili, na mwaka 1871 walimkataa. Mabadiliko yalikuwa kwenye nyota Eta iliyozimika, na kwenye tofauti ya darubini na mikono. Bado namwonea huruma Abbott. Alichora alichokiona, na nyota iliyokuwa imewaka katikati ya mchoro wa mwenzake kwake haikuwapo.

Ili kukata mzizi wa ugomvi kama huo, Melbourne walijengewa darubini kubwa yenye kioo cha inchi 48, iliyotengenezwa Dublin na kuanza kazi mwaka 1869. Kazi yake kuu ilikuwa kuzichora upya nebula za kusini na kuzilinganisha na za Herschel. Wachoraji wake wakafuatana mmoja baada ya mwingine. Sehemu ya kwanza ya michoro ilichapishwa 1885, na sehemu nyingine haikutoka kamwe, maana wakati huo dunia ilikuwa imeshageuka.

Tarehe 30 Septemba 1880, karibu na New York, daktari Henry Draper alifungua bamba la kioo kwa dakika 51 mbele ya wingu la Orion na kupata picha yake ya kwanza. Ilikuwa picha mbovu kwa kweli, nyota zimevimba na wingu limefifia. Januari 1883 Andrew Common wa Ealing, nje ya London, akalipiga tena kwa dakika 37 na kioo cha inchi 36, na safari hii bamba likaonyesha nyota ambazo hakuna jicho lililowahi kuziona hata kwa darubini ile ile. Jicho haliweki akiba. Linachokiona sasa ndicho linachokiona baada ya saa nzima. Bamba linakusanya mwanga kama mtungi chini ya mchirizi.

George Bond wa Harvard hakuuona mwisho huo. Alijimaliza kwa kazi ya kuchora Orion huku akiugua kifua kikuu, akafa 1865, na mchoro wake, ninaouona kuwa mzuri kupita yote ya wingu lile, ukachapishwa miaka miwili baadaye. Mfaransa Trouvelot aliyehamia Marekani yeye alichapisha picha zake za rangi za anga mwanzoni mwa miaka ya 1880, wakati mbaya kuliko wote. Wamarekani wanamkumbuka zaidi kwa viwavi aliowaingiza kutoka Ulaya, wakamtoroka uani kwake Massachusetts na kula misitu mpaka leo.

Na yale mapengo meusi? Hapo ndipo penseli ilipodanganywa vibaya zaidi, na kamera nayo kwa muda. Herschel alipokuwa Feldhausen alipata barua kutoka Hanover, kwa shangazi yake Caroline, mwanamke aliyegundua nyota za mkia kadhaa na ambaye sasa alikuwa na zaidi ya miaka 80. Alimwomba mwana wa kaka yake achunguze sehemu ya chini ya kundi la nyota la Nge, maana baba yake aliwahi kukuta huko kitu kilichomshangaza. Baadaye alieleza kuwa William alitazama kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba hapo kuna tundu mbinguni. John akamjibu kwamba amempekua Nge kwa bidii na kukuta sehemu kadhaa zisizo na nyota hata moja.

Edward Barnard, mtoto maskini wa Nashville aliyeanza kazi katika studio ya picha kabla hajatimiza miaka tisa, alizipiga picha sehemu kama hizo kwa miaka mingi akiziita matundu. Mwaka 1913, usiku mmoja usio na mbalamwezi, aliona vipande vidogo vya mawingu ya kawaida vikipita mbele ya Njia ya Maziwa vikiwa vyeusi kama wino, akaanza kuamini kwamba hata vile vya mbali huenda ni vitu vinavyozuia mwanga. Orodha yake ya 1919 ina madoa meusi 182. Bart Bok, aliyeandika tasnifu yake kuhusu eneo lile lile la Eta Carinae, alipendekeza mwaka 1947 pamoja na Edith Reilly kwamba vidonge vidogo vyeusi vinavyoonekana mbele ya mawingu yanayong'aa ni nyota zilizo njiani kuzaliwa. Wengi walisita. Mwanga wa kawaida haupenyi humo. Ilibidi vije vyombo vya kupima joto, miale ya infraredi, na mawimbi ya redio. Mwaka 1990 ikapatikana hakika kwamba ndani ya vingi vya vidonge hivyo kuna nyota changa.

Kumbe sehemu angavu, ambazo wachoraji walihangaika nazo usiku kucha, ni ngozi tu iliyochomwa na nyota zilizokwisha kuzaliwa. Kiwanda kiko gizani, ndani ya vumbi lenye baridi kali, mahali ambapo kila mchoraji aliacha karatasi tupu. Tundu la ufunguo la Herschel ni vumbi. Na katika ule ukanda wa giza kati ya Nge na Mshika Nyoka, eneo alilolitazama William, Julai 2023 ilitolewa picha ya darubini ya James Webb ikionyesha nyota changa 50 hivi, nyingi zikiwa na ukubwa wa jua letu au pungufu. Ziko umbali wa miaka ya nuru 390 tu. Ni mojawapo ya viwanda vya nyota vilivyo karibu nasi kuliko vyote.